Filamu ya Pili: Kwa Nini Dada Wenye Kipaji Hawakuwi Nyota



Wiki hii tunaongea juu ya sinema. Kila mara tukiangalia filamu pamoja, kuna swali linarudi: huyu dada anacheza vizuri namna hii, mbona hatujamuona tena? Wengine wanajibu haraka, hana bahati. Wengine wanasema sifa zilimlevya. Wengine wanaanza kuongea vibaya juu ya tabia yake, na maneno hayo wote tunayajua. Sisi tunaona jibu liko kwenye historia, tena si ya zamani sana.

Tuanze na Rachel Mwanza, dada wa Kongo. Alipokuwa mtoto walimsingizia uchawi, akaishia kulala barabarani Kinshasa pamoja na watoto wengine. Mwaka 2011 muongozaji wa Canada, Kim Nguyen, alifika Kongo kupiga filamu inaitwa Rebelle. Alikuwa anatafuta binti wa kucheza Komona, mtoto anayekamatwa na waasi na kupewa bunduki. Akamchukua Rachel. Hakuwa amesomea kuigiza popote.

Mwezi wa pili 2012, kule Berlin, Rachel alipewa Dubu wa Fedha, tuzo ya muigizaji bora wa kike. Baada ya miezi miwili akapata nyingine kwenye tamasha la Tribeca, New York. Mwaka 2013 Canada nao wakampa tuzo yao, na Rebelle ikaingia kwenye filamu tano zilizoshindania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mtoto wa barabarani kufika pale! Sisi Wakongomani tulipaswa kumjua vile tunajua Fally Ipupa. Lakini uliza hapa Rubavu, ao vuka uulize Goma: Rachel Mwanza ni nani? Wengi watakuangalia tu.

Sasa tumulinganishe na mtoto mwingine wa mwaka ule ule. Quvenzhané Wallis, wa Louisiana, Marekani, naye hakuwa amesoma kuigiza. Filamu yake ya kwanza, Beasts of the Southern Wild, ilitoka 2012. Kwenye sherehe ya Oscar ya 2013 alikuwa anashindania tuzo ya muigizaji bora wa kike akiwa na miaka 9 tu. Hakushinda. Lakini mwaka 2014 alikuwa tayari ndiye mhusika mkuu wa Annie, filamu ya studio kubwa. Rachel yeye alionekana pia katika Kinshasa Kids ya 2012, halafu nafasi kubwa tunayoijua ilikuja 2018, katika filamu ya Ubelgiji inaitwa Troisièmes noces. Na pale alicheza nani? Dada wa Kongo anayeingia ndoa ya uongo ili apate karatasi za kukaa Ulaya. Kwanza mtoto wa vita, halafu dada anayetafuta karatasi.

Kipaji hakikuwa tofauti yao. Tofauti ni kwamba Quvenzhané alizaliwa mu nchi yenye studio, mawakala, na waandishi wanaoandika hadithi mpya kila siku. Filamu ya kwanza inaweza kutoka popote, hata barabarani. Ni ile ya pili, na ya tatu, zinazomfanya mtu kuwa nyota. Na hizo zinahitaji kiwanda cha sinema karibu na kwako, ao paspoti na viza za kukifuata mbali.

Kwa nini Kongo haikuwa na kiwanda hicho? Wakati wa Wabelgiji, serikali ilichagua filamu gani Mwafrika anaruhusiwa kuona, na waliokuwa na kamera walikuwa wazungu wa serikali na mapadri. Kule Kasai miaka ya 1950 padri mmoja alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili. Watu walicheka sana, lakini wale wawili wenye majina walikuwa wanaume. Mwaka 1987 ikatoka La Vie est belle ya Mwezé Ngangura na Benoît Lamy. Papa Wemba wote mnamjua. Aliyecheza Kabibi, binti anayependwa mule, anaitwa Bibi Krubwa. Nani kati yenu alijua jina lake? Papa Wemba alikuwa na muziki nyuma yake, filamu ikiisha anarudi jukwaani. Muigizaji wa kike alikuwa anategemea filamu ingine itokee. Miaka ya nyuma zaidi kumbi nyingi za sinema za Kinshasa zikageuka makanisa. Sasa filamu ingetengenezwa ionyeshwe wapi, na nani alipe?

Kuna mtu atatuuliza: na Lupita Nyong'o? Yeye si wa hapa Afrika Mashariki? Ni kweli, na mfano wake unatusaidia kuelewa. Lupita amekulia Kenya, baba yake profesa na mwanasiasa. Alifanya kazi nyuma ya kamera kwenye The Constant Gardener, filamu iliyopigwa Kenya, akacheza Shuga kule Nairobi, halafu akasoma kuigiza Yale, Marekani, akamaliza 2012. Oscar aliipata 2014 kwa 12 Years a Slave. Hatumuondolei kipaji hata kidogo. Tunasema kipaji chake kilikuta njia: masomo, lugha, karatasi za kusafiri, na watu wa kumtafutia kazi. Rachel alipata tuzo ya Berlin kabla Lupita hajajulikana, lakini wakati ule yeye ndio kwanza alikuwa anajifunza kusoma.

Tena hapa Rwanda kuna mfano wa kutupa moyo. Eliane Umuhire alianza na tamthilia, na mwaka 2017 alishinda tuzo ya muigizaji bora wa kike kule Karlovy Vary pamoja na mwenzake wa Poland, kwa filamu ya Birds Are Singing in Kigali. Yeye hakuishia filamu moja. Amecheza Neptune Frost ya 2021, Augure ya Baloji ya 2023, hata A Quiet Place: Day One ya 2024. Na Neptune Frost ilipigwa hapa hapa Rwanda, na ndani yake kuna wasanii Warundi waliokimbia nchi yao. Wakimbizi kama sisi. Hawakungojea viza, kamera iliwakuta kwenye nchi iliyowapokea.

Hii inatugusa sisi moja kwa moja. Kwenye michezo yetu ya kambini, wadada wanapewa nafasi gani? Mama anayelia, binti aliyebakwa, mke anayepigwa. Ni mambo ya kweli, na mashirika yanayapenda kwa uhamasishaji. Lakini dada akicheza kulia mara kumi, siku akija mtu wa kutafuta waigizaji atamuona ni wa kulia tu. Tukimuandikia awe daktari, mwizi mjanja, bosi wa soko, mchekeshaji, tunamuandalia ile filamu ya pili sisi wenyewe.

Kwa hiyo tumepatana mambo matatu. Kila video tunayoweka hapa itakuwa na jina analotaka muigizaji, kama mwenyewe amekubali lionekane. Jioni za mazoezi tutasoma pamoja mfano wa mkataba, mtu asiweke sahihi kwa kitu hakielewi. Na wazazi tutawaalika waje kuona mazoezi kwa macho yao, juu maneno ya mitaani yamewatoa wadada wengi kuliko ukosefu wa kipaji.

Tuandikieni hapa chini: ni dada gani mliwahi kumuona anacheza vizuri, mkamkosa tena? Andikeni filamu ao mchezo aliocheza, na mngependa kumuona akicheza nani.