Kobe wa Changuu na Amana ya Wafugaji Wao

Kisiwa cha Changuu, kilichoko maili tatu na nusu hivi kaskazini-magharibi ya Mji Mkongwe wa Unguja, kimewavuta wageni kwa mambo mawili: jela ambayo hakufungwa ndani yake mfungwa hata mmoja, na kobe wakubwa ambao asili yao si Unguja. Jela hiyo ilijengwa na Sir Lloyd Mathews, Waziri wa Kwanza wa Serikali ya Sultani, baada ya kukinunua kisiwa mwaka 1893. Lakini haja ya mahali pa karantini ikaishinda haja ya jela, na majengo yakawa ya kuwazuilia wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya homa ya manjano. Kobe walifika baadaye, mwaka 1919, nao walikuwa wanne tu, hiba iliyoletwa na gavana wa Kiingereza wa visiwa vya Shelisheli. Habari ya wale wanne na kizazi chao ndiyo niliyokusudia kuieleza, maana humo mna mafunzo makubwa juu ya kumfuga mnyama ambaye umri wake huupita umri wa amfugaye.

Maskani yao ya asili ni Aldabra, duara la visiwa vya matumbawe lililozunguka wangwa mpana, zaidi ya kilomita 1,000 kusini-magharibi ya Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli. Ardhi ya huko ni mawe makali yakatayo viatu, na maji matamu ni adimu, ndiyo sababu binadamu hawakupata kufanya mji. Lakini kobe, ambaye dume lake huweza kufikia kilo 250, amejaaliwa kuishi hapo, na mvua inaponyesha hukifikilia kijidimbwi kilichomo mwambani, akainamisha kichwa, akayavuta maji kwa matundu ya pua.

Zamani Aldabra haikuwa pekee. Morisi, Réunion na Rodrigues, kila kisiwa kilikuwa na kobe wake wakubwa, na Mfaransa François Leguat, aliyekaa Rodrigues tangu 1691 hata 1693, aliandika kwamba walikuwa wengi hata mtu angeweza kwenda hatua mia na zaidi juu ya migongo yao bila ya kukanyaga ardhi. Kilichowaangamiza ni ile ile subira yao. Mabaharia walitambua kwamba kobe huweza kukaa miezi kadha wa kadha bila ya chakula wala maji, kwa hiyo wakawapakia ngamani kwa mamia, wakawa na nyama mbichi safari nzima bila ya kuhitaji chumvi wala malisho. Na mayai na vitoto waliosalia pwani wakaliwa na nguruwe, paka na panya walioshuka katika merikebu zizo hizo. Ilipofika katikati ya karne ya kumi na tisa, kobe wa asili wa visiwa vile vitatu walikuwa wamekwisha kabisa, na wa Aldabra wenyewe walikuwa wamepungua mno.

Ndipo mwaka 1874 wataalamu kadhaa wa Uingereza, miongoni mwao Charles Darwin, Joseph Hooker, Richard Owen na Albert Günther, walipomwandikia gavana wa Morisi, ambaye mamlaka yake wakati ule yalienea hadi Shelisheli, wakimsihi awahifadhi kobe wa Aldabra kabla hawajafuata njia ya wenzao. Ushauri wao mmoja ni kwamba kobe wakusanywe kwa kadiri iwezekanavyo na kutiwa katika viwanja vya serikali vilivyozungushiwa ua, wawe mali ya umma, si ya mtu. Yaani wataalamu hao waliona kwamba kufuga, kukiwa chini ya dhamana inayojulikana, kwaweza kuwa ngao ya jamii nzima ya wanyama. Miaka tisini baadaye Aldabra ikaingia katika hatari nyingine, pale Uingereza ilipoazimia kujenga huko kiwanja cha ndege za kivita. Wanazuoni wakapinga kwa nguvu, na mpango ukaachwa mwaka 1967. Mwaka 1982 UNESCO ilikiingiza kisiwa katika orodha ya urithi wa dunia, na hivi leo kobe wake hukadiriwa kuwa takriban 100,000.

Lakini kabla ya juhudi hizo kuanza, tayari kobe walikuwa wamezoea kupokezanwa na wakubwa. Mwaka 1766 Mfaransa Marion du Fresne alichukua kobe kutoka Shelisheli akawapeleka Port Louis, Morisi, na mmoja wao akaishi kambini mwa askari, akaiona dola ya Kifaransa ikiondoka na ya Kiingereza ikiingia mwaka 1810, akafa mwaka 1918, ilhali amekwisha kuwa kipofu, kwa kutumbukia mahali palipowekwa mzinga. Mwaka 1882 kobe wengine walifikishwa katika kisiwa cha Saint Helena, na mmoja, aitwaye Jonathan, ambaye alipofika alikuwa mtu mzima tayari na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa alizaliwa karibu na mwaka 1832, amekaa katika bustani ya nyumba ya gavana huku magavana wakija na kwenda. Hata kobe mdogo wa nyumbani hufuata kanuni hiyo. Kasisi Gilbert White wa Selborne, Uingereza, mmoja wa mabingwa wa kwanza wa kuandika maisha ya wanyama kwa kuwatazama kila siku, hakumnunua kobe wake mashuhuri Timothy. Alimrithi mwaka 1780 kwa shangazi yake, naye shangazi alikuwa ameachiwa na mumewe. White akafa mwaka 1793, na kobe akabaki nyuma yake. Na baada ya kobe mwenyewe kufa ndipo ilipodhihirika kwamba yule waliyemwita kwa jina la kiume miaka yote hiyo alikuwa jike.

Basi hiba ya 1919 ilikuwa katika desturi hiyo ya wakubwa kupeana kobe, nayo ilipata mahali pa kuifaa. Changuu ilikuwa na kivuli, majani na utulivu, na sehemu kubwa ya mwaka haikuwa na watu wengi. Wale wanne wakazaana, na kufikia mwaka 1955 walikuwa wapata 200. Mwenye kujua namna kobe azaavyo atatambua ukubwa wa jambo hili. Jike huchimba shimo kwa miguu yake ya nyuma, taratibu, akataga mayai meupe ya mviringo, kisha akalifukia na kwenda zake. Mayai hukaa ardhini miezi mingi, na joto la udongo ndilo liamualo kama kitakachotoka ni kike au kiume. Na kitoto kikisalimika hungojewa miaka ishirini na zaidi kabla ya kuzaa chenyewe. Kundi la kobe hukua polepole, na likivunjwa haliungiki upesi.

Nalo likavunjwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kobe wa Changuu, kwa kuwa hawakuwa na mlinzi wa maana wala ua madhubuti, walianza kuchukuliwa usiku kwa madau, wengine waliwe, na wengi zaidi wauzwe ng'ambo kwa watu waliotamani kuwa na kobe mkubwa bustanini. Mwaka 1988 walibaki 100, mwaka 1990 walikuwa 50, na mwaka 1996 walihesabiwa saba. Mwaka huo huo vililetwa vitoto 80 ili kuliongeza kundi, na katika hao 40 wakapotea. Hapo Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na jumuiya ya kimataifa ya kulinda wanyama, ilijenga ua mkubwa na kuweka walinzi, na idadi ikaanza kupanda tena. Kwa hiyo kisiwa kilichojengewa jela isiyofunga mtu, hatimaye kilihitaji kuta na kufuli ili kuwazuia watu wasiingie.

Aingiaye uani humo leo huwakuta kobe wamejilaza chini ya miti, na magambani mwa baadhi yao pameandikwa kwa rangi miaka wanayokadiriwa kuwa nayo. Mchicha ukiletwa, shingo hutoka, na mdomo usio na meno huukata kama mkasi butu. Mtunzaji akimkuna mmoja chini ya shingo, mnyama huyo hujiinua kwa miguu yote minne, akaikaza, akanyoosha shingo mpaka makunyanzi yakakunjuka, akasimama hivyo pasi na kutikisika. Na hiyo si tabia aliyofunzwa na watu, bali ndivyo afanyavyo porini apate kudonolewa wadudu na ndege.

Yaliyowapata kobe wa Changuu yamewapata na wengine wasio na ua. Kwa muda wa karne nzima kobe wadogo wa Moroko walisafirishwa kwenda Uingereza kwa mamilioni, wakauzwa madukani na mitaani kwa bei ya chini kama vitu vya kuchezea watoto, na wengi wao hawakuimaliza baridi ya kwanza, mpaka Jumuiya ya Ulaya ilipoipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1984. Katika vilima vya mawe vya Kenya na Tanzania yuko kobe bapa, mwenye gamba laini, ambaye akiona hatari hakimbilii ndani ya gamba bali hujipenyeza katika ufa wa jiwe. Naye, kwa kuwa sura yake ni ya ajabu, ametafutwa mno na wafugaji wa ng'ambo, ilhali jike lake hutaga yai moja tu kwa mara moja. Kenya ilikataza kumtoa nchini mwaka 1981, Tanzania ikafunga mlango wa kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, na mwaka 2019 mataifa yaliyotia saini mkataba wa biashara ya wanyama walio hatarini yalimpandisha daraja la ulinzi wa juu kabisa. Lakini sheria peke yake haikomeshi magendo ya kobe: mwezi wa Aprili 2018, katika nyumba moja mjini Toliara, Bukini (Madagaska), walikutwa kobe zaidi ya 10,000 wamesongamana sakafuni bila ya chakula wala maji.

Tukiyapima yote haya, tutaona kwamba si kila ufugaji wa kobe ni sawa. Yule aliyepokewa kwa hiba au urithi, akajulikana ni wa nani na baada yake atakuwa wa nani, ameishi na amezaa. Na yule aliyenunuliwa kwa kutamaniwa sura yake ameng'olewa kwao, na aghalabu amekufa mapema, kisha mahali pake pakahitaji kujazwa na mwingine kutoka porini. Kobe ni amana, na mwenye amana hana haki ya kuiuza.

Kwa hiyo nawanasihi wasomaji: mwendapo Changuu, msimwinue kobe wala kumkalia mgongoni kwa ajili ya picha, na mwulizeni mtunzaji kabla ya kumlisha chochote, na mkikutana na mtu njiani ameshika kobe mdogo anatafuta mnunuzi, msimnunue hata kwa nia ya kumhurumia, kwani fedha yenu itamrudisha muuzaji mwambani kutafuta wa pili. Pelekeni habari kwa ofisa wa wanyamapori aliye karibu nanyi, upesi, kobe angali hai.