London hadi Nairobi: Safari ya Siku Ilivyogeuka ya Saa

Kutoka Heathrow, London, hadi Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni takriban kilomita 6,800 kwa njia fupi kuliko zote angani. Ndege ya leo huumaliza umbali huo kwa saa nane na nusu hadi tisa hivi, ilhali abiria wa miaka ya 1930 aliyekwenda Afrika Mashariki alikaa njiani siku kadhaa. Kasi ya injini ni nusu tu ya maelezo. Kilichokula muda hasa ni vituo.

Tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari ya kila wiki kati ya London na Mwanza. Abiria waliishia Khartoum. Barua ndizo zilizoendelea hadi Ziwa Victoria. Ilikuwa safari ya kuungaunga: ndege ya nchi kavu, kisha ndege ya kutua majini kuvuka Mediterania, kisha treni kutoka Alexandria hadi Cairo, halafu ndege tena. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town.

Mwaka 1937 ndege kubwa za majini zilianza kwenda kutoka Southampton hadi Durban. Zilipaa kwa kilomita 265 hivi kwa saa, na mafuta yao yalitosha kilomita 1,200 tu. Kwa hiyo zilifuata Nile, ambako maji ya kutua hayakuwa mbali: Luxor, Wadi Halfa, Khartoum, Malakal, kisha Port Bell na Kisumu ziwani, hatimaye Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndege ilipotulia majini, abiria walipelekwa ufukweni kwa motaboti huku matangi yakijazwa. Jua likizama, safari ilisimama. Watu walilala hotelini na kuondoka alfajiri.

Badiliko kubwa lilikuja tarehe 2 Mei 1952, ndege ya jeti aina ya Comet ilipobeba abiria wa kulipa kutoka London hadi Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24, ikipitia Entebbe. Ilipaa usiku na mchana, na vituo vyake vilikuwa vitano tu. Lakini mwaka 1954 Comet mbili zilivunjika angani kwa sababu ya uchovu wa metali, na aina hiyo ikasimamishwa.

Nairobi ilipata uwanja unaofaa ndege kubwa mwaka 1958, Embakasi, ambao leo ndio Uwanja wa Jomo Kenyatta. Sehemu ya kazi ngumu ya kuujenga ilifanywa na wafungwa wa Mau Mau, jambo linalostahili kutajwa kila historia ya uwanja huo inaposimuliwa. Jeti za masafa marefu zilizofuata ziliondoa vituo vya katikati kimoja baada ya kingine, hadi safari ikawa ya mruko mmoja.

Hata hivyo ndege hazifuati mkato kikamilifu. Upepo, njia zilizopangwa na hali ya usalama huzipindisha. Vita vilipozuka Sudan mnamo Aprili 2023 na anga yake kufungwa, ndege za abiria zililazimika kuizunguka nchi hiyo, na mzunguko huo uliongeza matumizi ya mafuta na muda wa safari.