Kina Mama wa Ngoma na Kazi ya Kutetea

Wengi hudhani mwanamke hawezi kuwaendea wakubwa kutetea haja ya wenziwe mpaka kwanza afundishwe darasani namna ya kusimama na kunena. Mafunzo ni mema, wala hatuyakatai. Lakini turejee Dar es Salaam ya mwaka 1955.

TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, nayo ikakutwa na shida moja. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza Waafrika walioajiriwa nayo kujiunga na vyama vya siasa. Basi msomi mwenye mshahara alikuwa na ulimi, lakini umefungwa. Mama auzaye maandazi hakuwa na kazi ya serikali ya kuhofia. Mwaka 1955 alipofika John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, aliuliza wanawake wa TANU wako wapi. Ndipo Bibi Titi Mohamed alipotakiwa awalete.

Bibi huyu alizaliwa mjini humo mwaka 1926. Kurani aliisoma utotoni, na skuli aliipata kidogo. Alikuwa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Basi aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, lelemama na vinginevyo, maana kila kiongozi alikuwa na watu wake. Vikundi vile vilikuwa na uongozi, ada na sare. Wenyewe wakisaidiana arusini na matangani, watu wa makabila mbalimbali wakiunganishwa na Kiswahili. Mwanamke aliyekwisha kuamua ugomvi wa sare baina ya kina mama hamsini (nawe wajua ugomvi huo ulivyo!) amekwisha kujua kusikiliza, kutunza fedha za watu na kusema mbele ya macho mengi. Katika miezi michache tu, yasemekana wanawake 5,000 walijiandikisha.

Walimu wetu walizikemea ngoma zile, nasi tuliowafuata tukakemea. Yaliyo munkari ndani yake ni munkari hata leo. Ila hatukuuliza: kina mama wakiziacha, watakutana wapi? Na hali twasomesha kila mwaka habari ya Khaula binti Thaalaba, aliyejadiliana na Mtume (s.a.w.) juu ya mumewe, hata Sura ya 58 ikaitwa al-Mujadala. Twasomesha, kisha twawaambia binti zetu wanyamaze.

Uhuru ulipatikana 1961, na mwaka uliofuata Bibi Titi akaongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Baadaye yalimfika mazito: alikamatwa 1969, akahukumiwa kwa uhaini, akaachiliwa 1972. Alifariki mwaka 2000.

Hivi karibuni kina mama wa mtaani kwetu walinijia niwaandikie barua kwa diwani, kisima chao kimeharibika. Nikawauliza fedha za maulidi yao huandikwa na nani. Mmoja akatoa daftari buibuini, hesabu imenyooka mpaka senti ya mwisho. Nikampa kalamu aiandike barua yeye.