Kufaulu na Kufanikiwa

Sherehe ikinoga, watu husema imefana. Mwenye sherehe hasemwi kwamba amefana, yeye amefanikiwa. Tazama viambishi vilivyojipanga nyuma ya mzizi ule mfupi hadi kufika kwenye -w-, alama ya kutendewa, ileile inayotufanya tuseme fulani kapewa, kaitwa, kabarikiwa. Kwa sarufi ya Kiswahili, aliyefanikiwa ni mtu ambaye jambo lake limemnyookea, na aliyelinyoosha hatajwi. Kufaulu ni habari nyingine. Mtahiniwa hufaulu kwa jasho lake, na kipimo kinakuwa kimewekwa kabla hajaingia chumba cha mtihani.

Naikumbuka tofauti hii kila nisomapo habari za wamishenari wa kwanza wa pwani yetu, kutoka Mombasa hadi Magila, kule kwenye vilima vya Ubondei karibu na Muheza. Kwa kipimo walichokuja nacho, wengi wao hawakufaulu. Walifanikiwa.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Muhiddin. Julai homa ikamuua mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga. Krapf akaendelea. Mara mbili, 1848 na 1852, alipanda milima ya Usambara hadi Vuga, kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai, akapokewa kwa heshima; misheni aliyoitarajia huko hakuiona. Mwaka 1853 afya ikamrudisha Ulaya. Mwenzake Johannes Rebmann alibaki Rabai, mahali walipoanzisha kituo 1846, hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu. Waliobatizwa katika miaka ile yote walikuwa wachache mno.

Hapa Kiswahili cha kanisani kina neno ambalo mtaani limeanza kusahaulika: saburi. Ni ndugu wa subira, asili yao moja ya Kiarabu, lakini matumizi yamewatenga. Mwenye subira anaweza kuwa amekaa barazani akingoja basi. Saburi, jinsi inavyotumika katika waraka kwa Warumi, huzaliwa na dhiki, nayo hufanya kazi. Siku hizi wahubiri wengi husema uvumilivu, nami nasikitika kidogo, kwa sababu anayevumilia huenda anabeba tu. Rebmann gizani, bado anachambua maneno ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Kiafrika, hakuwa anabeba tu. Ile ilikuwa saburi.

Na kilichofana ni nini? Kamusi. Ya Krapf ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na hadi leo anayetaka kujua Kimvita cha wakati ule hana budi kuifungua.

Mambo yalikwenda hivyohivyo kwa Edward Steere. Alifika Unguja 1864 pamoja na Askofu Tozer, baada ya misheni yao ya Kianglikana, UMCA, kushindwa vibaya upande wa Nyasa. Mwaka 1867 alichapa kijitabu cha maneno ya Kishambaa, maana Vuga ndiyo iliyokuwa ikitazamiwa. Lakini Kimweri alikuwa amekufa, nchi imeingia vita vya urithi, na wageni wakaruhusiwa kujenga Magila, pembeni kabisa mwa ufalme. Pembeni pale ndipo Ukristo ulipoota mizizi, na katika miaka ya 1890 gazeti la Kiswahili, Habari za Mwezi, lilikuwa likitolewa palepale.

Steere naye alikuwa na mwalimu Mwislamu, Sheikh Abdulaziz, aliyejitolea kumgeuzia Zaburi kutoka Kiarabu. Kazi haikuvuka zaburi za mwanzo: sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa makusudi ya misheni. Mimi naona hata zile chache zilikuwa ukarimu mkubwa. Mwanachuoni wa Kiislamu alimpa padri lugha iliyo bora kuliko zote alizonazo, bila kumuuliza ataisalia wapi.

Katika lugha hiyo lilikuwamo neno komboa. Pwani mtu hukomboa kitu alichokiweka rehani: pete, shamba, jambia la babu. Ukombozi ulihitaji fedha na mkopeshaji, na wakala wa forodha pale bandari ya Tanga bado anatumia sauti ya karibu sana anaposema kugomboa mzigo. Wafasiri walipomwita Yesu Mkombozi, walichukua neno la sokoni katika nchi ambamo watu walikuwa wakiuzwa sokoni. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo 1868 walilitenda neno hilo kwa maana yake ya kwanza kabisa: walilipa fedha, wakachukua watu. Unguja wengi waliletwa na manowari za Waingereza zilizowateka majahazini. Hao walikuwa wametekwa mara mbili, na neno la rehani haliwaenei barabara.

Miongoni mwa wavulana watano ambao Sultani Majid alimkabidhi Tozer mwaka 1864 alikuwamo John Swedi. Hakuna aliyewahesabu watano hao kuwa mafanikio. Walikuwa watoto waliotolewa katika jahazi la watumwa, hawana lugha moja na walezi wao. Mwaka 1879 Swedi akawa shemasi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Fikiria kanisa la Mkunazini, lililojengwa pale soko la watumwa lilipofungwa 1873, na mtu kama huyo akilitamka neno Mkombozi mbele ya watu. Steere aliweza kuliingiza katika kitabu. Uzito wake liliupata kwa Swedi na wenzake, na kutoka kwao limesafiri mbali: miaka ya 1960, Dar es Salaam ilipokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika, hakuna aliyehitaji kuelezwa linamaanisha nini.

Kisha yuko Godfrey Dale, padri wa UMCA aliyeishi Ubondei na kuandika juu ya mila za Wabondei. Mwaka 1923 tafsiri yake ya Kurani ikachapishwa, ya kwanza nzima kwa Kiswahili. Ilikusudiwa hasa kuwasaidia Wakristo katika mijadala na Waislamu. Waislamu wengi hawakuridhika nayo, na kutoridhika huko kulichochea tafsiri nyingine. Mwaka 1969 ikatoka Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mfasiri stadi aliyewahi kuwa kadhi wa Zanzibar na wakati huo Kadhi Mkuu wa Kenya, na kwa vizazi viwili sasa imesomwa majumbani kutoka Lamu hadi Kilwa.