Jina la Ukingoni: nishani, rupia na masamva

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wazee wa Kiafrika waliopigana upande wa Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Ofisi ya muda ya malipo ilifunguliwa Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa na kamanda wao, Lettow-Vorbeck, mwaka 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare zilizochakaa, na wengine mikono mitupu. Wanahistoria wa vita hivyo wanasimulia kwamba mlipaji alimpa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye kwata kana kwamba ameshika bunduki. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Ulaya kisa hiki kinapendwa kwa kuwa kinasifu utiifu wa askari. Mimi kinaniuma. Kipande cha sare kilichotunzwa miaka 46 hakikutosha kumtambulisha aliyekivaa. Ilibidi mwili wa mzee ukitolee ushahidi. Wazee wale sasa wamekufa wote. Vitu vyao, na vya wenzao wa upande wa pili, vimebaki kwa wajukuu: kifungo cha shaba, mkanda, nishani iliyofungwa kitambaani chini ya sanduku la bati. Nani atavisemea?

Ukanda wa Shinyanga na Geita una haki ya kuuliza swali hilo kwa sauti. Mwaka 1916 vita vilipita hapa kutoka pande mbili. Waingereza chini ya Jenerali Crewe waliiteka Mwanza mwezi Julai, wakateremka hadi Shinyanga. Wabelgiji walikuja na jeshi la Kongo kupitia Biharamulo na misheni ya Ushirombo, wakawatangulia Waingereza kuingia Tabora tarehe 19 Septemba. Mjerumani alikuwa anarudi nyuma mbele yao. Kijana mmoja wa huku angeweza kubebeshwa mizigo na majeshi matatu ndani ya mwaka mmoja, na nyumba moja ikarithi mabaki ya yote matatu.

Tuanze na utaratibu wa Waingereza wa kumtambulisha mwenye kitu. Nishani yao ya vita vile ni ya fedha, pana kidogo kuliko sarafu ya kawaida. Upande mmoja kuna sura ya Mfalme George wa Tano. Upande wa pili mtu aliye uchi juu ya farasi, kwato zikikanyaga ngao yenye tai, chini yake fuvu na mifupa. Lakini habari yenyewe iko ukingoni. Igeuze polepole kwenye mwanga utaona herufi ndogo zilizogongwa: namba ya askari, cheo, jina na kikosi, kwa mfano K.A.R. kwa askari wa King's African Rifles. Kwa namba hiyo mtu anaweza kufuatilia orodha za waliotunukiwa, zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew. Ni utaratibu mzuri, na nausifu bila kinyongo.

Una mipaka yake, hata hivyo. Kwanza, karani aliandika alichosikia, mara nyingi jina moja tu, bila baba wala ukoo. Pili, Waingereza waliacha kugonga majina kwenye nishani walizotoa za Vita Kuu ya Pili. Mtu aliyetembea na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, alirudi na nyota ya shaba isiyo na neno lolote juu yake mwenyewe. Tatu, na hili ndilo zito, wapagazi. Uingereza ilikusanya watu wapatao milioni moja kubeba mizigo katika vita vya Afrika Mashariki, na kwa hesabu ya chini karibu laki moja walikufa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na kwamba idadi inaweza kufika 350,000.

Wakusanyaji wa sarafu wana jicho kali zaidi, ila linatazama kwingine. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa, walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kusini mwa Shinyanga. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000. Wakusanyaji wanazitofautisha hata kwa nakshi ndogo: je, inaishia chini ya herufi A au chini ya T? Ujuzi huo umejaa vitabu vizima. Aliyeingia chini kuchimba dhahabu ile hatajwi. Leo vijana wa huku wanaoshinda kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na karasha za kusaga mawe wanaisikia sana hadithi ya rupia na mali alizofukia Mjerumani, na wapo wanaochimba misingi ya majengo ya zamani kuzitafuta. Wao nao wanatafuta mali, si mtu.

Wasukuma walishika upande mwingine kabisa. Kwao kitu cha marehemu ni njia ya masamva, wahenga, kuendelea kudai nafasi nyumbani. Mtoto akilia usiku kucha bila ugonjwa, mganga anaweza kusema kuna babu anataka jina lake. Mtoto anapewa jina hilo, pengine anavalishwa bangili au ushanga, na tangu hapo babu anatajwa kila siku, anatumwa maji, anakemewa, anachekewa. Bujora, karibu na Kisesa, makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement yanaonyesha ngoma na viti vya watemi kwa kufuata himaya zao, kwa sababu kiti kisichojulikana ni cha utemi gani hakina maana.

Utaratibu huu una pengo lake. Haumwambii mjukuu babu alipigana wapi wala lini, na familia nyingi zilipobatizwa ziliona aibu kutunza vitu vya wahenga. Lakini kwa kumrudisha mtu nauona una nguvu kuliko ukingo wa fedha, kwa sababu unamweka ndani ya uhusiano. Karani wa jeshi aliandika jina moja. Ukoo unajua ni nani aliyelirithi.

Hatari ya leo ni mizani. Katika miji inayoishi kwa kupima gramu, nishani ya fedha ikifika kwa sonara inapimwa na kuyeyushwa. Hata Uingereza ilifanyika hivyo bei ya fedha ilipopanda sana karibu na 1980, nishani nyingi za aina ileile zikaishia tanuruni. Mwenye nayo anaweza kunakili namba ya ukingoni kabla ya jambo lolote, kisha akakaa na shangazi na bibi na kuwauliza: mtoto gani katika ukoo alipewa jina la aliyekwenda vitani, na nani aliamua apewe? Namba iandikwe kwenye karatasi moja na majibu yao.