Ree ya Kopa: Historia na Fasiri ya Karata Moja hadi Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mhakiki wa fasihi, lipo moja ambalo aghalabu hujibiwa kabla halijaulizwa sawasawa: je, maana ya alama imo ndani ya alama yenyewe, ama hutokana na mahali inapowekwa? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuata historia ya karata moja, ree ya kopa, hadi inapofika mikononi mwa wachezaji wa mitaa ya Eastlands. Karata hiyo imechaguliwa kwa kuwa watabiri wa Ulaya wanayo, na vijana wa Kaloleni wanayo, ila kila upande huisoma kwa njia yake.

Ni vyema kuanza na jina. Istilahi za karata katika Kiswahili zina asili ya Kireno kwa sehemu kubwa. Kopa ni copa, yaani kikombe. Uru ni ouro, dhahabu. Shupaza ni espada, upanga. Pau ni rungu. Turufu imetokana na trunfo, na ree imetokana na rei, mfalme, ingawa Waswahili waliipa jina hilo karata yenye alama moja tu. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Ngome ilitekwa, maneno yakabaki. Hata hivyo, Wareno wenyewe walikuwa wapokezi. Karata ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu, na seti ya Wamamluki wa Misri iliyohifadhiwa katika kasri la Topkapı, Istanbul, ina vikombe, sarafu, panga na magongo ya polo. Kikombe kinachotajwa na neno kopa, basi, ni kikongwe kuliko Ureno ya mabaharia. Mchezaji wa leo hakioni kikombe hicho. Anachokiona ni moyo mwekundu wa karata za mtindo wa Kifaransa. Jina limebaki na picha imebadilika.

Huko Italia, katika karne ya 15, seti ya kawaida iliongezewa karata 22 za picha zilizoitwa trionfi. Kumbukumbu za Ferrara za mwaka 1442 tayari zinazitaja. Neno hilo ni la ukoo mmoja na trunfo ya Kireno, na kwa njia hiyo na turufu ya Kiswahili. Seti hiyo ya karata 78 ndiyo iliyokuja kuitwa taroti. Kwa zaidi ya karne tatu ilijulikana hasa kama mchezo. Mnamo 1781 mwanazuoni wa Paris, Antoine Court de Gébelin, alidai kwamba picha hizo zilificha hekima ya Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi wowote. Maandishi ya Misri yenyewe hayakuanza kusomeka ila baada ya kazi ya Champollion ya mwaka 1822. Lakini dai lilipendwa, na kila karata ikapewa maana yake ya kudumu. Katika seti iliyotolewa London mwaka 1909 na Arthur Edward Waite, michoro ikiwa ya Pamela Colman Smith, ree ya kopa ni mkono utokao winguni, umeshika kikombe kinachofurika maji, na njiwa akishuka juu yake. Vitabu vya mwongozo huifasiri kuwa ni mapenzi au mwanzo wa furaha. Msomaji hana haja ya kujua nani amekaa mkabala naye. Maana imekwisha kuandikwa.

Hali ni tofauti Eastlands. Mitaa hii ilikua kwa awamu: Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, Shauri Moyo mwishoni mwa miaka ya 1930, Kaloleni katika miaka ya 1940. Iliwakusanya watu wa lugha nyingi, nao wakakutana katika Kiswahili. Katika barazani zake, mchezo uitwao kadi una kanuni zinazostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa semantiki, ijapokuwa hutofautiana kidogo baina ya baraza na baraza. Karata ya mbili au ya tatu humwadhibu anayefuata kwa kumlazimisha kuokota. Nane na malkia ni maswali yanayodai jibu. Ree, ambayo wengi sasa huiita esi, huizima adhabu, na anayeiweka ana haki ya kuitisha aina aitakayo. Thamani yake hukamilika kwa tamko la mchezaji. Ree ileile ikiwekwa mapema kupita kiasi ni hasara. Ikitunzwa hadi zamu ifaayo, ni wokovu.

Hapa mhakiki mwenye haraka angeweza kusema kwamba jina lilikwisha kutabiri: ree ni mfalme, na mfalme huamuru. Fasiri hiyo inapendeza, nayo ni mtego uleule wa Gébelin. Amri ya ree imetokana na kanuni za kadi, si na Kireno ambacho wachezaji hawakijui. Etimolojia hueleza safari ya neno; haiwezi peke yake kueleza kazi ya neno hilo pale lilipofikia.

Upande wa pili wa jambo hili unadhihirishwa na pata potea, mchezo wa hadaa uliozoeleka Nairobi kando ya masoko na stendi za mabasi. Karata tatu hulazwa kifudifudi, huzungushwa, na mpita njia hutakiwa kuonyesha moja. Washirika wa mchezeshaji hujifanya wageni, na hushinda kwanza ili kumtia mtu tamaa. Wahenga walisema kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga. Mchezeshaji huitumia hali ya yule anayeamini kinyume chake, kwamba jicho kali litatosha. Anayepoteza nauli yake hakushindwa kuitazama karata. Aliitazama mno, asiwatazame watu waliomzunguka.

Funzo hili linahusu uhakiki moja kwa moja. Ferdinand de Saussure, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916, aliulinganisha mfumo wa lugha na mchezo wa sataranji, ambamo thamani ya kete hutegemea nafasi yake. Pamoja na hayo, bado zipo tahakiki za fasihi ya Kiafrika zinazosomwa kama vitabu vya taroti: nyekundu ni damu, mto ni uhai, mji ni upotovu. Tuchukue mfano wa riwaya ya Meja Mwangi, Kill Me Quick, ya mwaka 1973. Vijana wawili, Meja na Maina, wanafika mjini na elimu ya sekondari, wasipate kazi. Jedwali la alama lingesema elimu ni nuru. Katika mchezo wanaoukuta, elimu hiyo ni garasa, karata halali isiyo na thamani katika hesabu. Uchungu wa riwaya umo katika pengo hilo baina ya thamani waliyoahidiwa na thamani inayotambuliwa mezani.

Haimaanishi kwamba alama haina historia. Kikombe cha Wamamluki kingali kimo katika neno kopa. Linalodaiwa ni kwamba historia hiyo isomwe pamoja na kanuni za mchezo unaoendelea, na pamoja na swali la nani aliyezitunga. Mhakiki asiyeuliza swali hilo hana tofauti kubwa na mpita njia wa pata potea: ameikazia macho karata, na mkono unaoizungusha haujamshughulisha.