Sista Irene Stefani na Wapagazi wa Kilwa

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu wa wanafunzi wa zamani. Nimekubali kwa furaha, ingawa ni miaka mingi tangu nilipoandika insha ya historia mara ya mwisho. Kazi yangu serikalini ni ya majalada na barua. Lakini kwa sababu hiyohiyo nimemchagua mtu ambaye maisha yake yananihusu kila siku niketipo mezani pangu ofisini.

Wenzangu wa darasa letu watakumbuka jinsi tulivyofundishwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Kidato cha Tatu. Tuliandika tarehe kwa bidii: mapigano ya Tanga, Novemba 1914, mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, Lettow-Vorbeck kusalimu amri huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi walipata sentensi moja tu: kwamba Waafrika wengi walichukuliwa kubeba mizigo. Tuliikariri, tukafaulu mtihani, tukasahau. Nilipofika Chuo Kikuu ndipo nilipofahamu kwamba sentensi ile moja ilikuwa imefunika maelfu ya makaburi.

Vita vile katika nchi yetu kwa sehemu kubwa vilipiganwa mahali pasipo na barabara wala reli. Farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Basi risasi, unga, mahema, hata mizinga, vilibebwa na binadamu. Waingereza waliwakusanya watu kutoka Kenya, Uganda, Nyasa na kwetu, wengine kwa hiari, wengi kwa nguvu, wakawaandikisha katika kikosi walichokiita "Carrier Corps". Walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916 waliweka kambi ya wapagazi hao mjini, na jina lao likatamkwa Kiswahili: Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao. Watu wanaonunua nyanya na vitenge sokoni Kariakoo wanalitaja jina la wapagazi kila siku pasipo kujua.

Wapagazi waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Waliowaua wengi ni kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanaona idadi ya kweli inapita hapo sana. Wengi waliandikwa vibaya au hawakuandikwa kabisa, hata mishahara ya maelfu yao haikuwafikia jamaa zao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa kwa maneno tu.

Katika mabanda ya wagonjwa hao ndimo alimoingia Sista Irene Stefani.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia, akapewa jina la Mercede. Mama yake alipofariki, binti huyo aliwalea wadogo zake. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, shirika lililokuwa limeanzishwa mjini Torino mwaka mmoja tu kabla na Padre Giuseppe Allamano. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwanzoni mwa mwaka 1915 akafika Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Hakuwahi kuzoea nchi wala lugha ya Wakikuyu kabla vita havijamvuta. Masista na mapadre wa shirika lake walipewa kazi ya kuuguza katika hospitali za kijeshi za wapagazi. Irene alianzia Voi, kisha akaletwa huku kwetu: Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Tunaposema hospitali tusifikirie vitanda na mashuka. Yalikuwa mabanda yenye mamia ya wagonjwa waliolala chini, wenye vidonda vilivyooza, na waganga wachache mno. Wagonjwa walikuwa wa makabila mengi, hivyo ilimlazimu ajifunze Kiswahili. Alisafisha vidonda, alilisha wasioweza kuinua mkono, na usiku aliketi na waliokuwa wakikata roho.

Masimulizi ya shirika lake yanaeleza kisa kimoja cha Kilwa ambacho sijaweza kukisahau. Siku moja alifika bandani akakuta nafasi ya mgonjwa mmoja iko tupu. Akaambiwa amekwisha kufa, amechukuliwa pamoja na maiti wengine kupelekwa ufukoni. Sista hakuridhika. Akaenda pwani, akapita kati ya maiti, akawageuza mmoja mmoja, hadi akamkuta yule mtu angali anapumua. Alikaa naye mpaka mwisho wake.

Hapo, ndugu zangu, naomba nikiri jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kazini, katika ofisi ambayo sitaitaja, alifika mama mmoja kutoka kijijini kuulizia mirathi ya marehemu mumewe. Nilipeleka karatasi masijala. Nikajibiwa kwamba jalada halipo. Nikamwambia, "Mama, njoo wiki ijayo." Akaja. Nikamwambia tena vilevile. Akaja mara ya tatu, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nauli imekwisha," akaondoka. Baada ya miezi kadhaa jalada lilionekana. Lilikuwa limewekwa mahali pa jina lingine, kwa kosa la herufi moja. Niliandika barua kwa anwani iliyokuwamo, sanduku la posta la shule ya msingi. Sikupata jibu mpaka leo.

Mimi sikuiba wala sikumtukana mama yule. Nilimwambia ukweli kama nilivyoambiwa. Lakini tofauti yangu na Sista Irene ni hiyo: yeye naye aliambiwa "hayupo", akainuka kwenda kutafuta.

Vita vilipokwisha alirudi Kenya, na mwaka 1920 akapelekwa misheni ya Gikondi, Mukurweini, wilaya ya Nyeri. Alikaa huko miaka 10 iliyobaki ya maisha yake. Alifundisha shuleni, na saa za jioni alipanda na kushuka vilima kutembelea wagonjwa na wazazi. Kazi yake nyingine ilikuwa ya ukarani hasa. Vijana wengi walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na mama zao hawakujua kuandika. Sista aliwaandikia barua, akawasomea majibu, akapatanisha mtoto na mzazi. Watu wa Gikondi walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Jina hilo hakujipa. Alipewa na wenyeji, na wenyeji hawakosei katika mambo hayo.

Mwezi Oktoba 1930 tauni iliingia eneo hilo. Mwalimu mmoja wa shule aliugua, mtu ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, hakuwa akimpenda Sista. Watu walimwogopa mgonjwa kwa sababu ya maambukizo. Irene akaenda kumuuguza hadi alipofariki. Naye akaupata ugonjwa huo. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39.

Mwanafunzi wa historia hawezi kuishia kwenye sifa. Wapo watakaouliza: je, wamisionari hawakuja chini ya mbawa za ukoloni? Je, hospitali zile hazikuwa za jeshi lilelile lililowaswaga wapagazi kama punda? Ni kweli. Wapo pia watakaouliza juu ya kuwabatiza watu waliokuwa wakifa, jambo alilolifanya kwa wingi na ambalo kwake lilikuwa zawadi kubwa kuliko dawa. Mimi si Mkatoliki, na maswali hayo nayaona ni ya haki. Lakini naona pia kwamba utawala uliwahesabu watu wale kwa mizigo, na yeye aliwahesabu mmoja mmoja. Ubaya wa mfumo haumwondolei mtu aliyemo ndani yake wajibu wa kumwona aliye mbele yake. Neno hilo linatuhusu sisi watumishi wa serikali kuliko mtu mwingine yeyote.

Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri tarehe 23 Mei 2015 mjini Nyeri, ibada ya kwanza ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Aliyeiongoza kwa niaba ya Papa alikuwa Kardinali Polycarp Pengo, wakati huo Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, mji ambao Irene aliuguza wapagazi karibu miaka 100 kabla. Muujiza uliokubaliwa na Kanisa ulitoka Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji. Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu zaidi ya 200 walijificha kanisani kwa siku kadhaa. Walimwomba Irene awaombee, na maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha wote. Mtoto wa kike alizaliwa humo, wakamwita Irene. Kila msomaji ataipokea habari hiyo kwa imani yake. Padre Allamano, mwanzilishi wa shirika, naye alitangazwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024.

Vijana mlioko madarasani leo, baadhi yenu mtakalia viti tunavyokalia sisi. Mtakuwa na mihuri, madaftari na kompyuta, na mtajifunza upesi kusema "hayupo" na "njoo kesho", kwa maana ni maneno mepesi na hayamfukuzishi mtu kazi. Waswahili wamesema, wema hauozi. Wapagazi wa Kilwa hawana majina katika vitabu vyetu, na hatuwezi tena kuyapata yote. Lakini anayekuja mlangoni kwenu ana jina. Mwulizeni mnaliandikaje, herufi kwa herufi, halafu inukeni mkatafute jalada lake wenyewe.

Tukikutana siku ya mkutano, nitafurahi kubishana na yeyote juu ya haya niliyoyaandika.